Rusizi: Mla mimea hakosi chakula sokoni, hukosa maelezo dukani

Mkazi wa Mibirizi aliyeamua kuishi kwa vyakula vya mimea tupu, akaacha nyama na samaki, maziwa na mayai, na hata asali, hana taabu kubwa siku ya soko. Maharage yapo, ndizi za kupika zipo, viazi, mihogo, mchicha, maparachichi na karanga vipo, na mchele hupatikana kutoka mashamba ya bonde la Bugarama, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Rusizi. Taabu humwanzia anapoingia katika duka la Kamembe lenye rafu na pakiti. Pale chakula hakitambuliki tena kwa kukitazama au kukinusa. Hutambuliwa kwa kusoma, na yaliyoandikwa mara nyingi hayakuandikwa kwa ajili yake.

Ulaji wa namna hii hujulikana duniani kwa jina la vegani, neno lililobuniwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake walipojitenga na wala mboga waliokuwa wakiendelea kunywa maziwa. Katika Afrika Mashariki suala hili huzungumzwa kana kwamba ni la wageni, watalii na vijana wachache wa Kigali na Nairobi. Dhana hiyo inapotosha. Anayetaka kujua kama biskuti ina mafuta ya mnyama anauliza swali lilelile linaloulizwa na Mwislamu anayeogopa jelatini ya nguruwe, na mama ambaye mtoto wake huvimba uso akionja maziwa. Wote wanategemea mstari mmoja wa maandishi madogo ulio nyuma ya pakiti.

Kabla ya kufika kwenye pakiti, inafaa kutazama kile ambacho mlima huu umekuwa ukilisha watu siku zote. Misheni ya Kikatoliki ya Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903, na ni katika ardhi yake kahawa ya kwanza ya Rwanda inaelezwa kupandwa, kwa mbegu zilizotokea Guatemala. Hadi leo wataalamu wa kahawa huiita aina hiyo Mibirizi, na jina hilo limesafiri mbali kuliko wakazi wengi wa kijiji chenyewe. Lakini kahawa ilikuwa zao la kuuza. Kilicholiwa nyumbani kilikuwa, na bado ni, maharage pamoja na ndizi, viazi au ugali wa muhogo. Wanyarwanda ni miongoni mwa walaji wakubwa wa maharage duniani, na kuanzia mwaka 2010 wakulima wamekuwa wakipewa aina za maharage zilizozalishwa makusudi ili ziwe na madini mengi ya chuma. Kwa familia nyingi za vijijini, siku bila nyama ni siku ya kawaida. Hakuna aliyewahi kuiita siku hiyo ya vegani.

Mnyama huingia katika chungu kwa njia za pembeni. Isombe, yaani kisamvu, hupikwa kwa mawese na unga wa karanga, na hapo haina tatizo; lakini mpishi akitaka iwe na ladha zaidi hutupia mifupa ya ng'ombe au dagaa waliokaushwa. Maharage huweza kuungwa kwa samli. Chapati kwa kawaida ni unga, maji, chumvi na mafuta, ilhali andazi la jirani yake kwenye kabati la kioo huenda limekandwa kwa maziwa au mayai, na kwa macho huwezi kulijua. Chipsi hukaangwa katika mafuta yaliyotangulia kukaanga sambaza wa Ziwa Kivu. Katika bufee ya mchana, ile ambayo Wanyarwanda huiita melanje, sahani hujaa vyakula vya mimea kuanzia chini hadi juu, kisha mhudumu humwagia mchuzi uliochemshiwa nyama.

Hapa lugha yetu yenyewe humwangusha mteja. Sisi tunaofasiri habari kila siku tumezoea kuandika “mla mboga” kila tunapokutana na neno la kigeni linalomaanisha mtu asiyekula nyama. Lakini katika Kiswahili cha bara, na hasa kinachosemwa pande zote mbili za mpaka wa Rusizi na Bukavu, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. “Mboga ya leo ni samaki” ni sentensi isiyo na kasoro. Anayemwambia mpishi kwamba anakula mboga tu anaweza kuletewa dagaa, na mpishi hatakuwa amekosea. Neno nyama nalo ni jembamba kuliko tunavyodhani: kwa wengi kuku si nyama, samaki si nyama, na supu ya mifupa ni maji tu. Anayeuliza “kuna nyama humu?” atajibiwa hapana kwa moyo safi. Swali lenye manufaa ni lile linalotaja kitu chenyewe: mmeweka mifupa, mmeweka dagaa, mmeunga kwa mafuta gani, mchuzi umetoka wapi.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kimewahi kutatua kwa neno moja mgogoro uliowapeleka Wazungu mahakamani. Tarehe 14 Juni 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya TofuTown kwamba bidhaa ya mimea haiwezi kuuzwa kwa jina la maziwa, siagi au jibini, isipokuwa majina machache yaliyozoeleka kama vile tui la nazi, ambalo kwa Kiingereza na Kifaransa huitwa maziwa ya nazi. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2022 kwa kuzuia majina ya nyama kwenye bidhaa za mimea, na Oktoba 2025 Bunge la Ulaya lilipiga kura kutaka majina kama baga na steki yabaki kwa nyama pekee. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuhitaji hakimu. Kwao tui ni tui na maziwa ni maziwa, na hakuna anayechanganya. Ni maziwa ya soya, bidhaa ya juzi tu, ndiyo yaliyoturudisha katika utata huo.

Tuje sasa kwenye rafu. Vingi vinavyouzwa katika maduka ya kawaida ya Kamembe havina mnyama ndani: mchele, sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya alizeti na ya soya, nyanya za kopo, tambi kavu zisizo na mayai, siagi ya karanga, na pilipili ya mafuta ya Akabanga inayotengenezwa Nyirangarama. Unga wa uji wa sosoma hubeba orodha yake katika jina lenyewe, kwa maana jina hilo limeunganishwa kutoka maneno ya Kifaransa ya soya, mtama na mahindi. Hata hivyo, unga wa lishe uliokusudiwa watoto wachanga mara nyingi huongezewa maziwa ya unga, na pakiti za aina mbili zinaweza kukaa rafu moja zikifanana kama mapacha.

Kundi la pili ni lile linalohitaji kusomwa. Biskuti nyingi zina maziwa ya unga au maji makavu ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ambayo lebo ya Kiingereza huyaita whey na ya Kifaransa lactosérum. Msomaji anayelijua neno maziwa peke yake atapitwa. Chipsi za pakiti zenye ladha ya vitunguu au jibini huweza kubeba unga huohuo. Vidonge vya kuunga mchuzi vinaweza kuwa na mafuta au dondoo za kuku na ng'ombe, ingawa vipo vinavyotumia ladha za kutengenezwa peke yake, na picha ya kuku kwenye karatasi haithibitishi lolote kwa upande wowote. Baadhi ya majarini zina maziwa. Nyingine ni mafuta ya mimea, lakini zimeongezewa vitamini D3, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Peremende laini zinazotafunika huwa na jelatini, ambayo hutoka katika ngozi na mifupa.

Halafu kuna namba. Viongezeo vya chakula hutajwa kwa herufi E na tarakimu, na kwa asiyezijua ni kama namba za gari. E120 ni rangi nyekundu inayotolewa kwa wadudu. E901 ni nta ya nyuki, na E904 ni utomvu wa wadudu unaong'arisha peremende. Hizi angalau zina jibu moja. Zinazosumbua ni zile zenye majibu mawili: E471, inayosaidia mafuta na maji kushikana katika mikate na aiskrimu, inaweza kutoka katika mawese au katika mafuta ya ng'ombe, na lebo hailazimiki kusema ni lipi. E631, inayokoleza ladha katika tambi za haraka, inaweza kutokana na nyama, samaki au uchachushaji wa wanga. Hapo msomaji makini kabisa hufika ukutani, na aliyebaki mwenye jibu ni mtengenezaji peke yake.

Hata hivyo sheria za lebo humsaidia kuliko anavyofahamu. Tume ya Codex Alimentarius, inayoendeshwa kwa pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Chakula na ya Afya, iliweka mwaka 1985 kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vimejengwa juu ya msingi huo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Maziwa, mayai, samaki na jamii ya kamba lazima vitajwe daima, kwa kuwa vinaweza kuwadhuru wenye mzio. Mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe hayaruhusiwi kufichwa chini ya jina la jumla. Lazima yaitwe kwa majina yake. Kwa hiyo mnunuzi anayeanza kwa kutafuta mstari wa mzio humaliza nusu ya kazi katika sekunde chache. Nusu iliyobaki, yaani jelatini, wadudu, asali na dondoo za nyama, haimo katika mstari huo, na orodha yote inabidi isomwe. Maneno “huenda ikawa na chembe za maziwa” ni jambo jingine tena: yanahusu mashine za kiwanda, hayahusu mapishi. Mwenye mzio ayaheshimu. Anayeepuka maziwa kwa imani au dhamiri ana hiari ya kuamua.

Alama zilizochapwa kwenye pakiti nazo zinahitaji tahadhari. Alama ya S ya Bodi ya Viwango ya Rwanda inathibitisha ubora na haisemi lolote kuhusu asili ya mnyama. Alama ya halali inamhakikishia Mwislamu, lakini nyama halali ni nyama. Bidhaa za India, ambazo ni nyingi katika maduka ya Afrika Mashariki, mara nyingi huwa na duara dogo la kijani ndani ya mraba. Hilo linamaanisha hakuna nyama, samaki wala mayai, lakini maziwa yanaruhusiwa. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa mwaka 2021 vigezo vya nini kiitwe chakula cha vegani, hatua iliyokuja kwa kuchelewa, na ambayo bado haionekani kwenye biskuti ya bei ya chini. Wenye alama ya vegani hasa ni bidhaa za kuagizwa kutoka mbali zenye bei ya mbali, na mtu wa Mibirizi hana sababu ya kuzikimbilia wakati maharage yako mlangoni.

Sasa suala la lugha, ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo kiini. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2017. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliipitisha, pamoja na Kifaransa, kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Katika maduka, Kiswahili kimefika kwa njia ya ajabu: mara nyingi kiko mbele ya pakiti, ambako husifu utamu na kumwalika mama wa nyumbani, kisha hutoweka ukigeuza nyuma, ambako viambato vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, au kwa vyote viwili. Lugha inayofaa kumshawishi mnunuzi inaonekana haifai kumweleza anachonunua. Kwa wasemaji wa Kiswahili walio wachache nchini Rwanda, wengi wao wakiwa familia za wafanyabiashara na watu wa mpakani ambao hawakupitia shule ndefu za Kiingereza, tofauti hiyo ni ya kila siku.

Dawa yake si ghali. Kiwango kilekile cha Codex kinaeleza kwamba lugha ya lebo ya asili isipokubalika kwa mlaji aliyekusudiwa, lebo ya nyongeza yenye maelezo ya lazima inaweza kutumika badala ya kuchapa pakiti upya. Maana yake ni kibandiko. Waagizaji wangeweza kutakiwa kubandika orodha ya viambato kwa Kinyarwanda au Kiswahili, na katika kibandiko hichohicho kutaja kama E471 imetoka katika mmea au mnyama. Vyombo vya kusimamia jambo hili vipo: mamlaka ya ukaguzi na ulinzi wa mlaji, RICA, iliundwa mwaka 2017, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda ikafuata mwaka 2018. Ni kweli kwamba kibandiko huongeza gharama, na mfanyabiashara mdogo anayeleta katoni kumi ataumia kuliko anayeleta kontena. Lakini gharama hiyo leo inabebwa na mnunuzi, kwa kutojua.

Wanaoguswa si wachache kama inavyodhaniwa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha Waislamu ni asilimia 2 ya wakazi wa Rwanda, na Waadventista wa Sabato asilimia 12. Kanisa hilo la pili limehubiri kwa zaidi ya karne moja, duniani kote, kwamba chakula cha mimea ni bora zaidi, na linamkataza muumini nguruwe. Ukijumlisha wenye mzio, na wale ambao tumbo lao halivumilii maziwa, unapata umma mkubwa unaohitaji kusoma mstari uleule.

Kuna upande mwingine ambao haufai kurukwa, kwa sababu Rwanda si mahali pa kuongelea maziwa kana kwamba ni kinywaji tu. Hapa kumwambia mtu “gira inka”, uwe na ng'ombe, ni kumtakia heri, na kutoka maneno hayo likapatikana jina la Girinka, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2006 wa kuzipa ng'ombe familia maskini. Lengo lake ni maziwa mezani na samadi shambani. Utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kuwa watoto waliodumaa walikuwa asilimia 38 mwaka 2014/15 na asilimia 33 mwaka 2019/20. Mmoja katika kila watatu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate nyama, samaki au mayai kila siku. Mtu mzima aliyechagua kuacha maziwa na familia isiyoweza kuyanunua wanaweza kula sahani zinazofanana kabisa, lakini hawako katika hali moja. Anayetaka kumlea mtoto mdogo kwa mimea tupu katika mazingira haya asifanye hivyo bila mhudumu wa afya kumfuatilia kwa karibu.

Kwa mtu mzima, maharage pamoja na wali au mahindi humpa protini ya kutosha, na machungwa au nyanya katika mlo husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea, ilhali chai ya papo kwa papo baada ya kula huuzuia. Kinachobaki bila mbadala ni vitamini B12. Mimea ya shambani haina chanzo chake cha kutegemewa. Hutengenezwa na bakteria, na ndiyo hao wanaotumiwa viwandani kuizalisha. Ukosefu wake hauonekani kwa miezi, hata miaka, kisha huja na upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Viwango vya Jumuiya vya unga wa ngano na wa mahindi ulioongezewa virutubisho vinaitaja vitamini hii, na hapa pakiti ya dukani ina faida ambayo unga uliosagwa katika mashine ya kijijini hauna. Lakini kiasi kilichomo kwenye unga hakitoshi kuwa tegemeo pekee. Kinachohitajika ni vidonge vya duka la dawa, na hata huko swali la lebo linarudi: vile vigumu vilivyoshindiliwa kwa kawaida havina jelatini, ilhali vyenye ganda laini au la vipande viwili, ganda lenyewe mara nyingi ni jelatini. Mfamasia akiulizwa aina iliyo kavu na ngumu, ataelewa bila kuhitaji neno vegani.